Mlango Uliotangulia Nyumbani

Simu ya Njambi ilimkuta Rosebella akiwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka. Aliibana simu kati ya sikio na bega, vidole vikaendelea na kazi yao.

"Mama Audrey, uko mahali unaweza kusikia vizuri?"

"Niko kazini. Sema tu."

Njambi alikuwa mwanamke wa ofisi iliyowapeleka wagonjwa India. Kwa miezi saba ndiye aliyewashika mkono, Rosebella na kaka yake Oluoch: vipimo, barua za madaktari, pasipoti, viza. Safari ilipangwa iwe baada ya wiki mbili. Oluoch angeingia hospitali ya huko na figo mbili zilizokufa, atoke na moja ya dada yake.

"India wanafunga," Njambi alisema. "Ni hii Korona. Kuanzia kesho mchana hakuna mgeni ataingia. Nimepata viti viwili kwa ndege ya leo usiku. Mkifika kabla hawajafunga, hospitali itawapokea. Mkikataa, nafuta safari, na sijui itafunguliwa lini. Inaweza kuwa mwezi. Inaweza kuwa mwaka."

Vidole vya Rosebella vilisimama.

"Mwaka hana."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia wewe kwanza. Lakini kuna kitu lazima nikuambie, na usinikasirikie. Mambo yakiharibika kule, mtu akifa wakati huu, sioni ndege itakubali kubeba mwili. Pengine watamchoma huko huko. Ongeeni. Nipe jibu kabla ya saa tisa."

Ilikuwa saa tano na robo. Nje ya kibanda cha Gathoni, Kawangware iliendelea kama kawaida: viazi vikikaangwa, mhubiri akipaza sauti kwenye kipaza sauti kibovu, maji machafu yakitafuta njia katikati ya watu. Ugonjwa ulikuwa bado haujatangazwa Nairobi. Uliishi kwenye redio na kwenye simu za watu, kama mgeni ambaye ametuma habari kuwa yuko njiani.

"Nani anafunga nini?" mteja aliuliza.

"Si hiyo Korona ya Wachina," Gathoni, mwenye saluni, alijibu kwa niaba yake. "Mimi nasema ije tu hapa Kawangware. Itashuka steji, ipige hatua mbili, iibiwe simu, irudi kwao ikilia."

Walicheka. Rosebella alicheka pia, lakini vidole vyake havikurudi kwenye nywele, na Gathoni akamtazama.

"Lete hicho kitana. Nitamaliza huyu."

"Sijakuambia kitu."

"Uso wako umeniambia. Enda."

Alikwenda kwa kaka yake, Kibera, kwa miguu. Angeweza kupanda gari, lakini gari lingemfikisha haraka, na yeye hakutaka kufika haraka. Alishuka barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner akiwa amejishika kiuno, upande wa kushoto, mahali ambapo daktari aliweka kidole na kusema tutachukua hii. Tangu siku ile hakuwahi kulala upande huo. Aliwaambia watu ni mgongo, kwa sababu ya kusimama siku nzima akisuka. Watu waliamini. Wanawake wote wa saluni huumwa mgongo.

Kanisani walikuwa wameshawaombea. Walimsimamisha mbele, wakamwekea mikono kichwani, mchungaji akasema huu ndio upendo. Watu walilia, na Rosebella akalia pamoja nao. Hakuna aliyejua kwamba kilichomliza ni woga. Alimpenda kaka yake. Alimpenda tangu wakiwa watoto wakigawana godoro moja na blanketi moja. Lakini usiku aliamka, akajishika ubavu na kuomba, bila kusema maneno yenyewe hata kwa Mungu, kwamba kitokee kitu. Kipimo kibaya. Karatasi ipotee. Kitu chochote kitakachosema hapana badala yake.

Sasa kitu kilikuwa kimetokea, nacho kilikuwa kikiua watu dunia nzima. Alijiona kama mtu aliyeomba mvua kidogo ya mboga zake akaletewa gharika.

Alijaribu kufikiri kama mtu mzima. Wakienda, wanaweza kufungiwa huko, ugonjwa ukawakuta wodini wamepasuliwa, hawana mtu, hawajui lugha. Audrey alikuwa na miaka kumi. Baba yake alikufa mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Angebaki na nani? Wasipoenda, Oluoch ataendelea kusafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, atavimba, atapungua, na kabla ya mwaka kwisha atakwenda. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliitafuta kutoka Dagoretti Corner hadi Jamhuri, hakuiona.

Ila hiyo habari ya kuchomwa. Hiyo aliishika kama fimbo. Oluoch alikuwa Mjaluo wa kweli kweli kuhusu mambo ya kuzikwa. Mtu azikwe kwao, kwenye ardhi ya baba yake, mbele ya nyumba yake. Ukimwambia Oluoch atachomwa kama takataka katika nchi ya watu, atakataa yeye mwenyewe. Na akikataa yeye, basi dada yake hakukataa.

Alikuwa amefika kwenye ukuta wa viwanja vya maonyesho pale Jamhuri mama yao alipopiga simu kutoka nyumbani, Siaya. Alikuwa akilia.

"Nyathina," mwanangu, alisema. "Wamemaliza nyumba ya Oluoch. Leo wametia mlango. Ni nzuri mpaka nimeshindwa kuitazama."

"Nyumba gani, Mama?"

"Kwani mabati si wewe uliyapakia kwenye basi?"

Rosebella alisimama. Ni kweli, aliyapakia. Mwezi wa kwanza, yeye na kijana wa mkokoteni, mabati kumi na mawili na mlango wa chuma. Oluoch alikuwa fundi wa milango, Laini Saba, karibu na reli. Mikono yake ilipokuwa na nguvu, nusu ya Kibera ilifunga usiku kwa milango yake. Huo wa mwisho aliuchomelea akiwa ameketi kwenye ndoo, siku tatu, akipumzika kila baada ya dakika kumi. Katikati aliweka nyota, alama yake. Rosebella alidhani ni wa jiko la Mama, lililokuwa likivuja. Alimsifu hata. Alimwambia, ona, mgonjwa anamkumbuka mamake kuliko sisi wazima.

"Wameiweka wapi?"

"Karibu na lango. Mahali pa mzaliwa wa kwanza."

Hapo hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mwanamume wa kwao asiye na nyumba nyumbani hana pa kuzikwa vizuri. Akifa, ndugu humjengea kibanda cha haraka, cha aibu, ili awe na mlango wa kulazwa mbele yake. Nyumba ya zamani ya Oluoch ilianguka kwa mvua miaka mingi iliyopita, na hakujali. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, mgonjwa, anayejenga upesi upesi bila kumwambia mtu, hajengi ili akaishi.

Alikuwa anajiandaa kufa. Tangu mwezi wa kwanza, kabla ya hii Korona kujulikana. Hakuwahi kuiamini India.

Katika kulijua hilo kulikuwa na kitu kitamu, ahueni, kama mtu aliyetua mtungi. Basi haendi. Basi mimi siendi. Akaona aibu papo hapo, aibu iliyompanda hadi masikioni, lakini ahueni haikuondoka. Alitembea nayo akipita Ayany, akipita Olympic, akiteremka kwenye vichochoro vya Gatwekera ambako ukuta wa udongo wa huyu unaegemea ukuta wa yule. Alikwenda nayo mpaka mlangoni pa kaka yake, kama mtu aliyeficha kitu cha wizi chini ya nguo.

Oluoch alikuwa kitandani, miguu juu ya mto, imevimba, ngozi inang'aa. Kando yake kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye mstari wa wino. Maji ya siku nzima hayakuruhusiwa kuvuka mstari ule. Mwaka mzima alikuwa na kiu.

"Nyaminwa," alimwita, dada yetu. "Umetembea. Ona viatu."

"Oluoch, umejenga."

Alitabasamu kidogo. "Mama hawezi kunyamaza. Nilimwambia asiseme."

"Kwa hivyo umeamua. Mimi nazunguka na makaratasi, nachomwa sindano, nalala kwenye mashine, na wewe umeamua kufa."

"Nani amekuambia nimeamua kufa?"

Akamweleza yote: ndege ya usiku, mpaka kufungwa, saa tisa. Alipofika kwenye habari ya mwili aliisema polepole, akiitazama sakafu. Akasubiri. Nje mtu alikuwa akigonga chuma, akipumzika, akigonga tena.

"Njambi aliniambia mimi pia," Oluoch alisema. "Amenipigia sasa hivi."

"Na?"

"Na ndiyo maana kuna nyumba. Unafikiri mimi ni mjinga? Nilijua tangu mwanzo mtu anaweza kwenda huko asirudi. Hata bila Korona, kuleta mwili kutoka India ni kazi ya matajiri. Nikazungumza na Mama. Kama sitarudi, watazika yago."

Rosebella alikaa kwenye ndoo. Yago aliijua. Tunda la mti wa kule kwao, refu kama mkono, zito, la rangi ya jivu, linalining'inia kwa kamba yake. Mtu akipotea, mwili usionekane, tunda hilo hulazwa kaburini mahali pake, huliliwa, hufukiwa. Ndugu wa babu yao alimezwa na ziwa. Wakiwa wadogo waliruka juu ya kaburi lake, na ndani yake hamkuwa na mtu, mlikuwa na yago.

"Mama amekubali?"

"Alilia siku mbili. Halafu akakubali. Lakini yago haizikwi porini. Inahitaji nyumba ya mwenyewe. Sasa ipo. Mimi niko tayari, Rosebella. Hata leo. Nilipoona huo mlango umepanda basi, niliacha kuogopa."

Alisema hivyo na uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu aliyeshafunga mzigo. Na Rosebella aliona fimbo yake imevunjika. Hakukuwa tena na mtu wa kusema hapana isipokuwa yeye.

Saa ya ukutani, ya tangazo la unga, ilisema saa nane kasoro dakika kumi.

"Na mimi?" aliuliza.

"Wewe nini?"

"Mimi nikifia huko. Nani atazika yago yangu?"

Oluoch alijiinua kwa kiwiko. Ilikuwa wazi kwamba katika hesabu zake zote, mabati, misumari, mlango, nyota, jambo hilo halikuwahi kumpitia akilini.

"Wewe utakufa na nini? Wewe si mgonjwa."

"Watanipasua, Oluoch. Kama wewe. Kitanda cha pili." Sauti yake ilipanda bila kuombwa. "Na huo ugonjwa hauulizi nani alikuja kutibiwa na nani alikuja kutoa. Naogopa. Nimeogopa miezi saba. Nimekuja hapa nikiomba ukatae."

Alikuwa amelisema. Chuma cha nje kiliendelea kugongwa. Oluoch alimtazama dada yake, na ule utulivu ukamtoka usoni. Chini yake palibaki mtu mwenye kiu, aliyetaka kuishi, anayeona aibu kutaka.

"Basi tufute," alisema. Akageukia ukuta. "Mwambie Njambi afute. Sitakulaumu. Sitamwambia Mama."

Angeweza kuondoka hapo. Baadaye, kila alipokumbuka, alijua kwamba mlango ulikuwa wazi na hakuna ambaye angemzuia. Lakini aliona mkono wa kaka yake ukienda kwenye kikombe, ukakiinua, ukakipima machoni dhidi ya ule mstari, ukakirudisha bila kunywa.

"Mpigie Dalmas," alisema.

Dalmas alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mume wake, aliyekaa Alego na kutunza boma ambalo Rosebella, kama mke wa pale, angezikwa. Oluoch alipiga, akaweka simu wazi kati yao. Alieleza kwa Kijaluo, akikatwa na pumzi. Upande wa pili kuku walilia.

"Nyumba ya ndugu yangu bado imesimama," Dalmas alisema mwishowe. "Mlango ni mbovu, lakini imesimama. Na mti uko kule mtoni. Lakini mwambie shemeji haya si maneno ya kuniuliza kwa simu nikiwa nalima. Mwambie arudi."

"Nakusikia," Rosebella alisema.

"Mtoto naye?"

"Gathoni atakaa naye. Nisiporudi, mje mumchukue."

"Tutakuja."

Akampigia Njambi saa nane na nusu. Alisema ndiyo, neno moja, na Njambi akasema pasipoti, nguo nzito, uwanjani saa moja jioni. Alipokata simu, Oluoch alikuwa amegeukia tena ukuta na mabega yake yalitikisika. Hakumgusa. Hakuwa na nguvu ya kumfariji mtu.

Saa kumi alikuwa Kawangware, nyuma ya saluni, Audrey amekaa katikati ya magoti yake na sare ya shule, Gathoni akipasha chai bila utani. Alimsuka matuta yaliyoshikana, madogo, yale ya kazi nyingi.

"Mama, unavuta."

"Vumilia."

"Si tulisuka Jumapili? Kwa nini unarudia?"

"Zile zingefumuka."

"Na hizi zitakaa hadi lini?"

Rosebella aligawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari mmoja mwembamba kutoka paji hadi kisogoni, akauangalia kama umenyooka. Wiki sita, alihesabu. Akivuta zaidi, saba.

"Inamisha kichwa," alisema, akavuta zaidi.