Mkuyu wa Kaka Yangu Ndani ya Tangi la Samaki

Kaka yangu aliung'oa mkuyu ule katika ufa wa ukuta wa ghala moja huko Changamwe, enzi tulipokuwa tukipakua magunia sote wawili. Ulikuwa na majani matatu na mzizi kama uzi wa kushonea kifungo. Wenzetu walimcheka mpaka wakakalia magunia. Watu wanarudi nyumbani na vifurushi vya unga, yeye anarudi na kimche ndani ya kofia.

Miaka ishirini na miwili baadaye mti huo ulikuwa haujanifika gotini. Lakini ukiinama, ukaweka jicho usawa wa meza, ulikuwa mkuyu kamili: shina limenenepa, magome yamekunjamana, matawi yametandaa kiasi cha kufunika uwanja wa mpira pamoja na washangiliaji wa timu zote mbili. Aliufunga waya wa shaba, akaukata mizizi, akaufinya vichipukizi kwa kucha ili usirefuke, na kila nilipomuuliza nani kamfundisha, alinijibu, "Mti wenyewe."

Wakati huo alikuwa ameshaacha magunia na kufungua kitalu cha miche kando ya barabara, Utange. Aliuza maua, minazi mifupi na miembe ya kupandikiza. Wateja waliokuja na magari makubwa waliunyooshea kidole mkuyu.

"Na huu mzee, shilingi ngapi?"

"Huo hauuzwi. Huo ni mwanangu wa pili. Wa kwanza ameolewa Mariakani."

Mimi nilikuwa mtu wa samaki. Nilirudi shule ya jioni mvi zikiwa zimeanza kunichungulia, nikakaa dawati lililo nyuma ya kijana ambaye mama yake nilimkimbiza kujifungua kwa mkokoteni. Biolojia niliifanya vizuri hivi kwamba naamini msahihishaji aliiita familia yake ije kuona karatasi. Baada ya hapo sikuweza kutulia bila kitu cha kuchunguza. Nikamwomba fundi wa vioo anikatie tangi, nikaweka pampu ya hewa, nikapanga mawe na mchanga na vipande vya magogo, nikatia samaki weusi wadogo. Mke wangu alisema sebule imekuwa bandari.

Kaka alikuja kila Jumapili, akavuta kiti mbele ya tangi.

"Mdogo wangu, una bahari isiyo na nchi."

"Na wewe kaka una nchi isiyo na maji."

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo lenyewe. Tulitazama picha kwenye simu, kazi za watu wa nchi za mbali: jiwe limechomoza majini, juu yake mti mdogo, mizizi imelikumbatia jiwe kama vidole, na samaki wanapita chini ya kivuli. Tukasema nasi tutatengeneza letu. Kaka akatafuta jiwe lenye mgongo, akaukalisha mkuyu juu yake, akaifunga mizizi kwa vitambaa na kuizika, kisha akanipa habari iliyokaribia kunipasua moyo: tusubiri miaka miwili mizizi ishike. Alikuwa mtu wa kusubiri. Mimi hata chai naungua nayo.

Mizizi ilikuwa imeshika barabara alipoanza kulalamika tumbo. Akakonda. Suruali ikawa inashikiliwa na imani. Nikampeleka hospitali, vipimo vikafanywa, na siku ya majibu daktari alichungulia mlangoni akauliza, "Nani ndugu wa mgonjwa?"

Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Mwenye ugonjwa hukaa kwenye benchi nje, na habari hupewa ndugu, naye ndugu huamua ataibeba vipi. Na katika ukoo wetu, barua zote, fomu zote na madaktari wote walikuwa wangu, kwa kuwa nilisoma. Nikaingia. Daktari akaniambia kwamba kitu kile, saratani, kimeshaenea, hakuna cha kupasua, na kwamba hesabu ni ya miezi, haifiki mwaka. Akasema pia, "Mwambieni kwa utaratibu, ana haki ya kujipanga."

Nikatoka. Kaka alikuwa amekaa, mikono katikati ya magoti.

"Kasemaje?"

"Vidonda vya tumbo tu, lakini vya kiburi. Umeze dawa, ukapumzike kwa binti yako. Amesema mwezi wa kumi utakuwa unacheza mpira, tena namba tisa."

Akacheka. Kucheka kule kukanilipa, nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Wiki hiyohiyo alikwenda Mariakani. Kabla ya kuondoka alikuja na mkuyu juu ya jiwe lake, ameuvika gunia kama mtoto aliyetoka kuoga. "Usiutie kwenye tangi mpaka nirudi. Mwagilia kila asubuhi kwa mkono wako, huku unautazama. Nimesema kwa mkono."

Nilingoja siku tisa. Nilikuwa nimemwahidi mtu uzima nisioweza kumpa, nikataka nimpe kitu kingine haraka, kizuri, cha kumfanya apone kwa furaha. Nikaliweka jiwe katikati ya tangi, mti juu, samaki chini. Na kwa kuwa mimi ni msomi, nikaona kumwagilia kwa mkono ni ushamba. Nikachukua utambi wa jiko la mafuta, ncha moja nikaizamisha kwenye maji ya tangi, nyingine nikaizika kwenye udongo wa mti. Maji yatapanda yenyewe. Nilimweleza mke wangu sayansi yake kwa muda wa saa nzima. Alilala.

Tangi nililijaza kwa maji ya kisima chetu. Maji ya visima vya huku yana chumvi, kila mtu anajua. Ya kunywa tunanunua kwa wenye mikokoteni. Samaki wangu walikuwa wameyazoea, wakizaana humo kama wamelipwa. Sikufikiri zaidi ya hapo. Utambi ukawa unapandisha maji usiku na mchana, maji yanakauka hewani, chumvi inabaki juu kwenye udongo. Katika mtihani niliwahi kuchora kipande cha kiazi kinavyosinyaa ndani ya maji ya chumvi, nikaweka na mishale. Nilipata alama zote.

Siku ya kwanza ulipendeza mno. Nilipiga picha kumi na mbili, kila upande, nikamtumia kaka moja. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, pumzi inakatika. "Sasa hiyo ni nchi na bahari yake. Nitumie kila Jumapili, nifuatane nao."

Wiki ya tatu udongo ulianza kufanya utando mweupe. Nikamwambia mke wangu ni madini, ni afya. Ncha za majani zikaungua. Kisha yakaanza kudondoka, yanaelea, samaki wanayagonga kwa pua.

"Mume wangu, mti unakufa," alisema mke wangu. "Mpigie shemeji, umuulize."

"Mikuyu hupukutisha, mama. Unavua koti."

Sikumpigia. Ningempigiaje? Mtu niliyemwambia atacheza mpira, nimwambie sasa mwanawe wa pili amenifia mkononi? Kila Jumapili nikamtumia moja ya zile picha kumi na mbili, kana kwamba nimeipiga asubuhi hiyo.

"Mbona hauongezi jani?" aliniuliza mara moja.

"Baridi, kaka. Utange mwaka huu watu wanavaa makoti mawili, na wazee wa mtaa wameomba theluji ikome."

Alicheka mpaka akakohoa, na binti yake akaichukua simu mkononi mwake.

Picha zilipokwisha nilianza upya na ile ya kwanza. Mti ulikuwa hauna jani hata moja.

Mwezi wa nne wa mambo haya binti yake alinipigia. "Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mzee anaendeleaje?"

"Hali chakula. Anataka umletee mkuyu wake auone. Anasema kama hawezi kuja kwenu, nyinyi mje kwake." Kisha akapunguza sauti. "Baba mdogo, anameza dawa zake kwa bidii sana. Anatuuliza mbona mwezi wa kumi uko mbali."

Ningeweza kwenda mikono mitupu na kusema kweli. Badala yake nilikaa siku mbili nikifanya kile ambacho watu wa matangi hufanya na magogo makavu. Kuna majani ya majini mafupi na laini kama manyoya ya kifaranga. Ukiyafunga kwenye kijiti kwa mshipi mwembamba hujishika, na kijiti huwa tawi la kijani. Nikauosha mkuyu uliokufa, nikauvika majani hayo tawi kwa tawi, nikauzamisha wote pamoja na jiwe lake ndani ya chombo cha kioo. Ndani ya maji ulirudi kuwa mti. Ulipendeza, na hapo sipigi chuku. Nikaupakata njia nzima, nikabadilisha mkono mara mia sita.

Kaka alikuwa kitandani karibu na dirisha. Nilimwacha mtu mwembamba, nikakuta shuka lina macho. Binti yake akasogeza kigoda, nikakiweka chombo juu yake.

"Shikamoo kaka. Huyu hapa mwanao. Amejifunza kuogelea."

Hakucheka. Aliutazama muda mrefu. Kisha akakunja shati, akaingiza mkono majini, akagusa shina, akalikwaruza gome kwa ukucha, pale chini. Watu wa miti hufanya hivyo. Mti mzima ukiukwaruza, ndani ni kijani. Ndani ya huu palikuwa na rangi ya chai kavu.

"Umekufa lini?"

"Kaka, huu ni mtindo mpya wa..."

"Nimekuuliza lini."

"Miezi miwili na zaidi."

"Udongo ulifanya weupe juu?"

"Ulifanya."

"Maji ya kisima." Hakuwa anauliza. Akautoa mkono majini, maji yakamtiririka kwenye kiwiko, binti yake akamfuta. "Ungeniambia siku ile uliyouona weupe. Ilikuwa ni kuuosha udongo kwa maji matamu, mara tatu, mara nne, na kuutoa mzizi uliooza. Basi. Mkuyu haufi upesi, mdogo wangu. Mimi niliutoa ukutani."

Nilitazama sakafu. Ilikuwa sakafu nzuri ya saruji.

"Na picha?"

"Za siku moja zote."

Nje, mjukuu wake alikuwa anagombana na kuku. Nilifikiri anatafuta namna ya kunitukana, na nilitaka anitukane, tungemaliza hapo.

"Mwanangu, tupishe kidogo," alimwambia binti yake. Alipotoka, kaka akanigeukia. "Na daktari?"

"Daktari nini?"

"Siku ile alikuita ukae naye muda mrefu. Vidonda vya tumbo havielezwi muda ule wote. Kasemaje daktari?"

Mimi ni mtu ambaye akiulizwa njia ya kwenda Ziwa la Ng'ombe atakupa na hadithi ya ng'ombe mwenyewe. Siku hiyo maneno yangu hayakufika kumi. Nilisema, "Kimeenea, kaka. Hakipasuliwi. Alisema ni miezi."

"Mingapi?"

"Haifiki mwaka."

"Kuanzia siku ile?"

"Kuanzia siku ile."

Akahesabu kwa vidole juu ya shuka. Alipomaliza alisema, "Haya," na akaomba simu.

Aliishi siku kumi na moja baada ya hapo, na sijapata kuona mtu mwenye shughuli kama yeye. Alimfundisha binti yake kupandikiza miembe kwa maneno tu, akiwa amelala, akimfanya arudie. Aliamua miche ipi apewe nani. Aligombana na fundi wa kaburi kuhusu kivuli. Mimi nilikaa hapohapo, nikimshika mgongo anywe uji. Hakunisema tena juu ya mti, ila siku moja, nikimgeuza ubavu, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anaulizia chumvi ya mchuzi, "Ungenipa ile miezi minne." Nikamwekea mto mgongoni.

Simu yake ya kwanza kabisa, ile aliyoomba baada ya kusema "Haya," aliipiga Likoni, kwa mama wa binti yake. Walitengana binti akiwa shule ya msingi, na kosa lilikuwa la kaka. Sitaki kulisema hapa, wenyewe walilijua. Alimwomba aje wazungumze. Hakumwambia anakufa. Alisema hataki aje kwa huruma, akamkataza na binti yake kumwambia. Yule mama akajibu kwamba amesikia, lakini moyo haukimbizwi, apewe Jumapili moja ajiandae, atakuja Jumapili inayofuata.

Kaka alikata roho Ijumaa mchana.

Jumapili yule mama alikuja, simu yake ikiwa haijapatikana tangu Ijumaa, amevaa vizuri, kashika sufuria ya wali wa nazi imefungwa kwa kanga. Alipoona turubai na viti uani alisimama. Binti yake akamkimbilia. Baadaye, watu wakiwa wanakula, alikuja akakaa karibu nami kwenye mkeka.

"Shemeji, aliumwa muda gani?"

"Miezi minne aliyoijua daktari."

"Na hakuna aliyeniambia anakufa? Ningekasirika, shemeji, lakini ningekuja. Nilihitaji wiki mbili tu za kukasirika."

"Hata yeye hakuambiwa," nikasema. "Niliambiwa mimi."

Alinitazama. Nadhani alingoja niendelee, kwa kuwa ananijua, hakuna aliyewahi kunisikia nikiishia hapo. Sikuendelea. Akaifungua kanga ya sufuria, akaanza kupakua wali, na sahani ya kwanza akaninyooshea mimi. Nikala yote, kwa sababu alikuwa amempikia kaka, na ilibidi mtu aile.