Mboga ya Njia ya Mkato

Fundi alijua kwamba babamkwe wake anakonda kabla daktari yeyote hajamwona, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akimpunguzia suruali. Mwezi wa kwanza alipunguza kiuno inchi moja. Mwezi wa pili akapunguza nyingine. Kila mara alikikunja kitambaa kwa ndani bila kukikata, maana mshonaji mwenye akili huacha akiba.

Mzee huyo, fundi saa mstaafu, alikuwa amehamia kwa mwanawe, mume wa Fundi, baada ya kufiwa na mkewe. Mwana mwenyewe ni dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Basi mezani walibaki wawili, mzee na mkwewe, na sahani ya mzee ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Alitamani kitu kimoja tu: majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, kama ya marehemu. Lakini marehemu alianza kuyaandaa saa nane mchana. Alimenya nyuzi jani kwa jani, akatwanga karanga, akapika taratibu. Fundi alitoka kwenye karakana ya sare za shule saa kumi na moja na nusu, vidole vimekufa ganzi.

"Mzee atanifia mikononi," alimwambia jirani yake, Mama Pacha.

"Tafuta njia ya mkato, dada. Kumenya nyuzi kwa nini? Weka spinachi. Karanga zipo za kopo, zimeshasagwa. Nyanya pia zipo za kopo. Nusu saa umemaliza!"

Fundi alifuata kila neno, ila maandishi ya kopo hakuyasoma. Mzee alionja, akaweka kijiko chini polepole.

"Mkwe wangu, hii ni mboga au keki ya harusi?"

Fundi naye akaonja. Sukari tupu! Karanga zile zilikuwa za kupaka kwenye mkate wa watoto.

Kesho yake alinunua zisizo na sukari, lakini akaichemsha spinachi kwa muda uleule wa majani ya maboga. Ikawa uji wa kijani.

"Hii sasa imekufa mara mbili," mzee alisema. "Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, baba! Nikianza kupika saa nane, sare atashona nani?"

Mzee alicheka. Lakini hakula.

Jumamosi Fundi alirudi na kola arobaini za kumalizia nyumbani. Aliosha mkasi wake mdogo, akaanza kuikatakata spinachi nao. Mzee alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni.

"Mbona jikoni kwako kimya hivi?" aliuliza ghafla.

"Kimya vipi, baba?"

"Kule kwangu, nikiwa nimeinamia saa za watu, nilikuwa nasikia kinu. Mchi ukianza, na njaa inaanza. Ukinyamaza, nakwenda kunawa mikono. Hapa chakula kinatokea tu mezani, kama barua ya serikali."

Fundi alizitazama kola zake, akaitazama saa ya ukutani. Muda wa kutwanga hakuwa nao. Akafungua kabati, akatoa kinu kidogo cha kitunguu saumu, akakiweka mbele ya mzee pamoja na bakuli la karanga nzima.

"Basi nisaidie, baba."

"Mimi? Nitwange?"

"Mikono iliyofungua saa ndogo kama kifungo itashindwa na karanga?"

Mzee alikohoa. Akaokota karanga moja, akaitafuna. "Hujazikaanga."

"Zinakaangwa?"

"Ndiyo maana! Mama yenu alizikaanga kwanza, na chumvi akaitia humuhumu kinuni."

Miezi miwili hakuna aliyemwambia Fundi hayo, kwa kuwa hakuna aliyeuliza. Fundi akawasha jiko, akazikaanga. Punde mchi ukawa unagonga jikoni na cherehani inaunguruma sebuleni, kila mmoja akimhimiza mwenzake. Spinachi iliingia sufuriani mwisho kabisa. Mzee aliikodolea macho saa yake ya mkononi dakika tatu kamili, kisha akaamuru: "Zima!"

Alikula kijiko cha kwanza, akachota cha pili. Fundi akashusha pumzi.

"Si kama ya marehemu," mzee alisema. "Yake haikukosa unyuzi mmoja wa kuning'inia kwenye jino. Niongezee."

Tangu siku hiyo kinu kilikuwa cha mzee. Spinachi ilipoadimika, walitia kabichi iliyokatwa nyembamba. Karanga zilipokwisha, alitwanga ufuta, huku akilalamika kwamba chembe zake ni ndogo kuliko skrubu za saa.

Asubuhi moja alisimama kando ya cherehani, ameshika kiuno.

"Mkwe, suruali hii imeanza kunikaba."

Fundi alichukua wembe, akafumua mshono wa kwanza. Kitambaa cha akiba kilikuwa palepale, rangi yake bado mpya.