Wimbo wa Kumkalisha Trevor

Mereana Tūpara alikuwa na leseni ya kuendesha basi, shahada ya biolojia, goti bovu na adui mmoja. Adui huyo aliitwa Trevor Haslam. Wenzake shuleni walijua yote hayo isipokuwa adui.

Kila mwaka, majira ya joto yakikaribia, aliwapakia wanafunzi kwenye basi la shule akawazungusha maziwani, bustani moja ya ufukweni baada ya nyingine, wajifunze kinachoishi majini na kinachokiua. Mwalimu mkuu aliiita ziara ya mafunzo ya hifadhi. Mwaka huu Mereana naye aliiita hivyo hivyo, kwa kuwa bajeti ya shule haikuwa na kifungu cha kulipiza kisasi.

Baba yake, Pāora, ndiye aliyekuwa mtegaji wa ukoo katika Ziwa Rotohuia. Alitega koura, kamba wa ziwani, na hakutumia ndoana wala mtego wa dukani. Alifunga matita ya majani ya kangaga kwenye ugwe mrefu, akayazamisha, akawaachia koura muda wajione wako kwao, kisha akayainua taratibu juu ya mkeka. Wageni walipokuja kwenye uwanja wa ukoo, walikula koura wa Pāora, na heshima ya wenyeji ilipimwa kwa ile sahani. Halafu kiangazi kimoja akainua tita na kumkuta kambare.

Kambare kwingine ni kitoweo cha kugombaniwa. Huku Rotohuia kambare alikuwa mgeni, na mgeni huyu hula koura, mayai yao na watoto wao. Pāora akamtia kwenye ndoo akampeleka mkutanoni ili watu waione hatari. Watu wakaitazama ndoo, kisha wakamtazama mwenye ndoo. Alikuwa na shemeji kule kwenye ziwa kubwa la kusini, ambako kambare walishajaa, na majuzi alikuwa ameazima nyavu za huyo shemeji. Ikatosha. Binamu yake mkubwa, Te Hau, ambaye kauli yake ndiyo ilikuwa ya mwisho, akasema ingefaa Pāora apumzike kidogo kutega. Akapumzika mpaka alipokufa.

Alijitetea mara moja tu, jikoni kwake. "Wakaiangalie trela ya yule Mzungu wa boti nyeupe," alimwambia bintiye. "Niliiona ikishuka majini na majani yananing'inia." Hakuna aliyekwenda kuiangalia. Siku ya mazishi wasemaji walisifu sauti yake na mkono wake wa kushona nyavu. Koura hawakutajwa. Mereana alikaa kando ya jeneza akawasikiliza wakilikwepa neno hilo mmoja baada ya mwingine, kwa ustadi, na akaanza kuwa na subira.

Mzungu wa boti nyeupe, kwa upande wake, alistawi. Alistaafu biashara ya mabafu, akajenga nyumba ziwani, akaanzisha Jumuiya ya Marafiki wa Rotohuia, akawa mwenyekiti wake, na akajitolea kuzungumzia kambare popote palipokuwa na kipaza sauti. Sasa roshani mpya ya kutazamia ndege, kwenye bustani ya ufukweni, ilikuwa ikizinduliwa kwa jina lake. Alimpigia Mereana simu mwenyewe.

"Mariana!" Jina lake hakuwahi kulipatia. "Nina shida ndogo. Wenyeji wamenipa nafasi ya kuhutubia, na nasikia msemaji lazima aimbiwe. Watu wangu wote ni wastaafu wa gofu. Vijana wako hawawezi kuniimbia?"

"Tutakuimbia, Trevor."

"Wimbo mzuri?"

"Utatia fora."

Basi liliondoka Whakatāne asubuhi na wanafunzi waliojaa usingizi na mikate ya kukaanga. Kwenye ziwa la kwanza kulikuwa na bata-maji weusi, maji ya kupendeza na ubao wa maelezo. Mereana aliupita ubao, akaongoza darasa hadi maegesho ya boti, na akaomba ruhusa ya mvuvi mmoja wakague trela yake.

"Mama, tumekuja kuangalia ndege au matairi?" aliuliza Tiaho, binti ambaye walimu wote walimwombea apate kazi ya redio ili wao wapumzike.

"Ndege hawajaharibu ziwa lolote. Ingia chini."

Tiaho aliingia, akatoka na magoti yenye tope na nyuzi za majani mkononi. "Yamejificha kwenye zulia, Mama. Hivi trela inawekewa zulia la nini? Sisi nyumbani hatuna."

"Boti isikwaruzwe. Hilo zulia hukaa na unyevu, na majani hunasa humo. Na kwenye majani hunasa nini?"

"Mayai."

"Na?"

"Konokono. Samaki, kama ni mjinga."

"Andika," alisema Mereana.

Kwenye ziwa la pili walisaidia kuinua mitego ya kambare. Mereana aliacha kambare mmoja kwenye sanduku, akamfunika kwa majani mabichi, akawapeleka wanafunzi wakale. Walipofunua baada ya chakula, kambare alikuwa angali akihema, ndevu zinacheza.

"Huyu hafi?" Tiaho alishangaa.

"Akipata unyevu, anavumilia mpaka kesho."

"Kwa hiyo anaweza kusafiri. Na trela."

"Mimi sijataja safari," alisema Mereana, akageuka upande wa ziwa ili wasimwone uso.

Baada ya hapo ndani ya basi yalikuwa mazoezi ya wimbo. Wimbo ulikuwa wa zamani, wa ukoo wa baba yake, na watoto waliumudu vizuri. Kule kwao, mtu akimaliza hotuba, watu wake husimama wakamwimbia, na hapo maneno yake huwa yamevikwa nguo. Asipoimbiwa amebaki uchi. Lakini wimbo ukianzishwa kabla hajamaliza, tena na mwanamke, maana yake ni moja: yatosha, kaa chini.

"Tutaanza saa ngapi, Mama?"

"Nikisimama mimi, mnasimama."

"Akishamaliza kusema?"

Mereana alibadilisha gia. "Nikisimama."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Mama wee!" Tiaho alinong'ona kwa furaha kuu. "Huyo mzee katukosea nini?"

"Kaza mkanda."

Rotohuia walikuta viti vimepangwa kwenye nyasi, mahema mawili, na Te Hau mwenyewe mbele, mzee sasa, fimbo mkononi, na mkewe Kararaina pembeni. Mama huyo ndiye aliyeongoza nyimbo zote za upande wa wenyeji, na hakuna mtu aliyewahi kuanzisha wimbo pale bila idhini yake. Wakakaribishwa, wakaketi. Trevor akasimama, amevaa shati lenye picha za bata.

Alianza vizuri. Alisifu maji, ndege na kamati. Kisha akafika kwenye historia.

"Ziwa hili lilikuwa safi kabisa," alisema, "mpaka watu wachache wa papa hapa, kwa uzembe, si kwa ubaya, walipoleta nyavu chafu kutoka—"

Mereana akasimama. Goti likalia. Wanafunzi wote wakasimama naye kama waliovutwa kwa ugwe mmoja, na wimbo ukalipuka katikati ya sentensi ya mtu.

Kwenye viti vya wenyeji watu waliganda. Te Hau aliinua kichwa polepole. Kararaina alimtazama Mereana, akatazama vidole vyake mwenyewe, na midomo yake ikaanza kufuata maneno bila sauti.

Trevor aliweka mkono kifuani. Aliyumba kidogo kwa mdundo. Wimbo ulipokwisha alipiga makofi, macho yana machozi.

"Sijapata kuimbiwa katikati ya hotuba!" alisema. "Kumbe mmeshindwa hata kungoja nimalize! Mariana, sina la kusema."

Kisha akaendelea kusema.

Mereana aliketi. Miaka yote ile aliipima saa hii, jinsi uso wa yule mtu utakavyobadilika, na kumbe ungebadilika hivi, kwa raha. Alikuwa amempiga mtu kibao na mtu ameomba shavu la pili lisisahauliwe.

Kwenye meza ya soseji Te Hau alimfuata. "Mwanangu, umemkalisha mgeni rasmi wetu mbele ya watoto."

"Hajakaa, Baba Mkubwa. Hapo ndipo tatizo lilipo."

"Ni kwa ajili ya baba yako?"

"Unayo sababu nyingine?"

"Yale yalikwisha."

"Kwako," alisema Mereana, akajipakulia vitunguu.

Baada ya chakula Trevor, angali akielea hewani, aliwachukua wote, watoto kwa wazee, hadi kwenye mteremko wa boti awaonyeshe namna ya kuosha. Kielelezo kilikuwa boti yake mwenyewe, ile nyeupe, juu ya trela yake ileile. Mereana alisimama nyuma kabisa. Hakuhitaji kuuliza lolote. Tiaho alikuwa ameshaingia chini.

"Mzee Trevor! Hili zulia ni la zamani?"

"Halijabadilishwa tangu siku ya kwanza!" alisema Trevor, akilipapasa. "Nilinunua seti nzima kiangazi kile cha harusi ya rafiki yangu, kule ziwa la kusini. Kisa chenyewe kinachekesha. Jioni tulikuwa, tuseme, tumechangamka. Nikairudisha trela kinyumenyume moja kwa moja kwenye majani, mpaka ekseli. Kesho yake tukaja huku."

"Uliosha?"

"Binti yangu, enzi hizo nani aliosha? Tukashusha boti hapa hapa, na hamtaamini, kitu kikadondoka kwenye zulia. Samaki! Anahema! Amelala humo usiku kucha, maskini. Wenzangu wanasema mtupe. Mimi nikasema hapana, kiumbe chenye roho. Mimi tangu zamani napenda viumbe. Nikamwinua kwa mikono miwili, nikamrudisha maji—"

Akautoa mkono juu ya zulia.

Upepo uligonga kamba za mahema. Mtu mmoja miongoni mwa wastaafu wa gofu alikohoa.

"Alikuwa na ndevu?" aliuliza Tiaho kutoka chini ya trela.

"Inaweza ikawa alikuwa samaki mwingine," alisema Trevor.

"Sijauliza kama alikuwa mwingine. Nimeuliza ndevu."

Trevor aliwatazama wazee wa ukoo. Walikuwa wakimtazama yeye, kisha trela, kwa makini ambayo Pāora aliwaomba wakati ule na hakupewa. Mtu yule alitafuta msaada kwa macho hadi akampata Mereana, rafiki yake pekee pale, aliyemliza kwa wimbo siku ile ile.

"Basi," alisema kwa sauti ndogo, "si mniimbie?"

"Hotuba hiyo haina wimbo, Trevor," alisema Mereana. "Kaa."

Akakaa. Hapakuwa na kiti, akakalia bamba la juu ya gurudumu la trela, shati lake la bata limekunjamana tumboni. Mereana alimtazama mpaka akatosheka, na kutosheka kwenyewe kulichukua muda.

Te Hau akajitokeza mbele. Aliupa umati mgongo, akaelekea ziwa, akaanza kumhutubia Pāora kwa jina, kama ambavyo wafu huhutubiwa. Alisema kwa lugha ya zamani, lugha ya kupendeza, ya mlima uliopoteza kivuli chake na mtumbwi usio na mpiga kasia. Alimaliza. Akashusha fimbo akangoja wimbo.

Kararaina ndiye aliyepaswa kuanza. Alikunja mikono. Alimtazama Mereana, na kila mtu akaelewa kwamba wimbo huo hautamtoka yeye.

Mereana hakusimama.

Mzee alibaki pale mbele ya maji, mbele ya watoto, uchi. Bata wawili walipita. Tiaho alitoka chini ya trela, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya shule akaufunga bila kusema kitu. Te Hau aligeuza shingo kidogo. Macho yake na ya Mereana yakakutana.

"Yamekosekana maneno," alisema Mereana kutoka alipokuwa. "Hayo ya mlima tuliyasikia mazishini."

Mzee akaelekea tena ziwa, na safari hii hakukuwa na mlima wala mtumbwi.

"Pāora. Ulituletea ndoo, tukakufunga mdomo. Aliyekuzuia kutega ni mimi. Koura walikuwa mikononi mwako na hukuwaua. Nilikosea, na nimekaa na kosa hilo ukiwa hai, na sikulisema."

Hapo ndipo Mereana alipoinuka na goti lake, akaanzisha wimbo. Kararaina alidakia, watoto wakafuata, na sauti ikaenda majini. Alimpa Te Hau wimbo kamili, hadi ubeti wa mwisho. Msamaha hakuwa ameupakia kwenye basi.

Wanafunzi walikuwa wameshapanda, na Tiaho anauza upya kisa chote kwa waliokuwa msalani, wakati mzee alipogonga dirisha la dereva.

"Yale matita ya kangaga," alisema. "Unajua kuyafunga?"

"Baba alinifundisha."

"Kambare wamepungua upande wa kaskazini, kule wanakotega sana. Koura wawili watatu wameonekana. Mwakani uwalete watoto walale hapa. Mtufundishe."

"Kangaga hukatwa kule juu kilimani," alisema Mereana. "Majani mabichi ni mazito. Mnaye mtu wa kuyabeba?"

Te Hau aliangalia kule kwenye mteremko, ambako Trevor alikuwa bado amekalia trela na hakuna aliyemwendea.

"Tunaye," alisema.

"Mzigo kwa mzigo? Bila gari?"

"Bila gari."

Mereana aliwasha injini. Njia nzima mpaka Whakatāne aliendesha akiuimba chini chini wimbo ule, na Tiaho, aliyekuwa kiti cha mbele, aliapa baadaye kwamba kila walipofika kona mbaya ya barabara, mwalimu alianza upya kuanzia katikati.