Mwaka Plastiki Ilipopanda

Karakana ya Mama Ndoo ilipakana na kibanda changu cha kushonea viatu. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa bati tu. Kwa miaka tisa nilishona nikisikia mashine yake ikihema, na kila baada ya dakika moja hivi ndoo ilidondoka, bado ya moto. Jina hilo alipewa na wachuuzi wa sokoni, naye alilipenda kuliko lile la wazazi wake. Kila ndoo aliigonga kwa kifundo cha kidole akatega sikio. Ikilia vizuri, inapangwa. Ikilia kama mtu mwenye mafua, inarudi kusagwa.

"Sikujaliwa mtoto," aliniambia siku moja, "lakini wanangu wamejaa kila jiko la mji huu."

Mashine iliachwa na marehemu mumewe, na nusu yake ilikuwa mali ya shemeji yake, mdogo wa marehemu. Huyo ndiye aliyekwenda kununua malighafi: chembe nyeupe za plastiki mpya, ndogo kama punje za mchele, zilizokuja kwa meli kutoka ng'ambo. Mwaka ule bei ya chembe ikaanza kupanda. Wengine walisema ni mafuta, wengine wakasema ni meli, wengine fedha yetu imeporomoka. Shemeji alizoea kurudi na mifuko kumi na mitano. Safari moja akarudi na kumi. Iliyofuata, saba. Halafu siku moja akashusha mifuko mitatu tu, na juu yake magunia manane ya plastiki chakavu iliyosagwa: viti vilivyovunjika, chupa za sabuni, mabomba, rangi za kila namna.

"Shemeji, haya ya nini?" Mama Ndoo akauliza.

"Ya kuchanganya. Siku hizi kila mtu anachanganya."

"Mimi si kila mtu."

"Basi pandisha bei ya ndoo, tuone nani atanunua."

Akapandisha. Wachuuzi wakazipita ndoo zake kama hawazioni. Wiki tatu mlundo ukakua mpaka ukagusa paa. Ndipo akakubali kuchanganya robo. Robo ikazaa nusu, na baada ya nusu sijui tena. Ninachojua ni kwamba harufu iliyopenya kwangu ilibadilika, ikawa inakwaruza koo. Ndoo zikaanza kutoka nyeusi tupu, maana nyeusi huficha mengi. Bei ikashuka, wachuuzi wakarudi. Lakini Mama Ndoo aliacha kuzigonga. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila kuniangalia, "Fundi, shona viatu vyako."

Nyuma ya vibanda vyetu alikuwapo mama mmoja aliyefua nguo za watu. Asubuhi moja alimimina maji yaliyochemka kwenye ndoo nyeusi, apate kuloweka mashuka meupe, akainyanyua. Sikio la ndoo, pale mkono wake unaposhikia, likang'oka. Maji yote yakamwagikia mguu wake wa kulia, toka paja hadi vidole. Yowe lile nalisikia hata sasa.

Tulifika mimi na Mama Ndoo kwa pamoja. Baadaye alikuja kuniambia kwamba macho yake yalikwenda kwenye ndoo kwanza, ndipo yakaenda kwa mtu, na kwamba hilo hajisamehe.

Siku ya pili alinibembeleza nimsindikize hospitali. Mfua nguo alikuwa amelala, mguu umefungwa bandeji mpaka kiunoni.

"Dada," Mama Ndoo akasema, "ndoo ile niliitengeneza mimi."

"Najua. Si nilinunua kwako?"

"Nilijua ni mbovu."

"Siku ile ulinipunguzia bei," mgonjwa akasema. "Nikakuombea dua njia nzima."

Tuliporudi, Mama Ndoo alikwenda moja kwa moja kuzima mashine.

Shemeji alikuja juu. "Ajali haina kinga! Tukifunga tutakula nini?"

"Sijui, shemeji."

"Marehemu kaka angekuonaje?"

"Angeniona nimechelewa."

Wakagawana. Mama Ndoo hakuwa na uwezo wa kuinunua nusu ya shemeji yake, basi shemeji akachukua mashine na kumlipa fedha kidogo alizokuwa nazo, akaihamishia ng'ambo ya pili ya mji, akaendelea kuchanganya. Mama Ndoo alimwomba jambo moja tu, asiziite ndoo zile kwa jina lake. Shemeji akakubali, lakini wachuuzi hawakuubadili ulimi. Mpaka leo sokoni wanazinadi, "Ndoo za Mama Ndoo!"

Mama Ndoo alikwenda nyumba baada ya nyumba kwa wateja wa mfua nguo. "Mwenyewe anaumwa," aliwaambia, "mimi namshikia nafasi." Mikono iliyostahimili plastiki ya moto ikachubuliwa na sabuni. Kila Jumamosi alipeleka malipo yote kwa mgonjwa, na mgonjwa aliyapokea bila kusema asante.

Mguu ulipona vibaya. Ngozi ilijivuta, goti likagoma kukunjuka, na mwenye mguu hawezi tena kusimama kwa muda mrefu. Kwa hiyo sasa wanafua wote wawili. Mmoja hukaa kwenye kigoda akisugua, mwingine husuuza na kuanika. Hawagombani. Hawacheki pia.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba bei ya chembe imeanza kushuka. Nikaona nimpelekee habari, labda itamfurahisha. Nilimkuta akikamua shuka.

"Imeshuka kiasi gani?"

Nikamwambia. Midomo yake ikacheza kidogo, kama mtu anayepiga hesabu, kisha ikatulia.

"Ingeshuka mwaka ule," alisema.

Mfua nguo hakuinua uso. Alisukuma beseni kwa mguu wake mzima, Mama Ndoo akainama akatoa shuka lingine.