Pesa Zilizolala kwa Wifi

Siku friji ilipoingia chumbani kwa wifi yake, Mama Vifungo aliunguza shati la mteja. Pasi aliiacha juu ya nguo, shingo akaitoa nje ya mlango, akawa anawatazama wanaume wawili wakihangaika kuipitisha ile friji kwenye korido nyembamba. Harufu ilipomfikia, mgongo wa shati ulikuwa umeshapata alama ya pasi, nyeusi, nzima, mpaka ile ncha.

"Hongera, wifi," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

"Asante, wifi. Ya mtumba hii. Mlango wake haufungi mpaka uubembeleze."

Ya mtumba au ya dukani, friji ni friji. Kwa Mama Vifungo maji ya kunywa yalikaa kwenye ndoo, na ndoo yenyewe ilikuwa na kifuniko cha sufuria nyingine.

Jina la Mama Vifungo alipewa na wateja, kwa sababu nguo ikipita mikononi mwake hairudi na kifungo kinachoning'inia, hata kama ililetwa kwa ajili ya zipu tu. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la madaftari, ng'ambo ya barabara kutoka nyumba waliyopanga. Mumewe alikuwa seremala. Walikuwa na watoto wawili, binti aliyekaribia kumaliza shule ya msingi na mdogo wake. Wifi mtu, dada mkubwa wa mumewe, aliyeachika zamani na kulea mtoto wake mpaka akajitegemea, alipanga chumba kinachotazamana na chao. Kazi yake ilikuwa kuosha masufuria kwenye jiko la shule ya bweni.

Na hapo ndipo mwiba ulipochoma. Mshahara wa muosha masufuria haukufika hata nusu ya alichopata Mama Vifungo katika mwezi mzuri. Lakini mapazia mapya yalikuwa ng'ambo ya korido. Jiko la gesi lilikuwa ng'ambo. Sasa na friji.

Kwa Mama Vifungo pesa ilikuwa kama mgeni mwenye haraka, hakai, hata chai hanywi. Mkaa alinunua kwa kopo, mafuta kwa kimfuko, sukari robo, kila siku, na kila siku akilipa zaidi ya yule anayenunua kwa wingi. Akija mchuuzi wa chupa za chai, anakopa. Akija mtu na kadi ya mchango, anaona haya kusema hana. Jioni anakunja kitambaa cha cherehani, anajiuliza zile pesa za asubuhi zilikwenda wapi, na hakuna wa kumjibu.

Aliwahi hata kuchungulia ndoo ya taka ya wifi yake. Alikuta maganda ya vitunguu na kipande cha kamba. Basi. Hakuna kimfuko kimoja cha mafuta. Alisimama pale akashangaa: mtu gani huyu hana hata taka?

Jibu alilipata Jumamosi moja alasiri, akianua nguo nyuma ya nyumba. Jumamosi ndiyo siku mumewe alipolipwa. Alimwona akiingia korido, akapita mlango wake mwenyewe kama vile si wake, akagonga kwa dada yake. Alikaa humo dakika tano. Alipotoka alikuwa anafunga kifungo cha mfuko wa shati. Ndipo akavuka, akasema, "Mama watoto, nimerudi," akatoa pesa za matumizi.

Jumamosi iliyofuata, vilevile. Na ile ya tatu.

Mama Vifungo hakumuuliza. Wivu ukiuliza utajibiwa, ukinyamaza hujijibu wenyewe. Akajijibu: kumbe friji ni jasho la mume wangu. Kumbe mimi nakopa chumvi, ng'ambo wanakunywa maji baridi.

Basi naye akaamua kuonyesha kwamba kwake si jalala. Alikwenda kwenye duka la fanicha, akachukua kabati la vioo kwa mkopo wa miezi kumi. Dhamana aliyoandikisha ni cherehani.

Mumewe aliporudi akalikuta kabati limeziba nusu ya ukuta. Alilizunguka, akaligonga kwa kifundo cha kidole.

"Mke wa seremala ananunua kabati dukani?"

"La kwako nimelisubiri miaka tisa."

Hilo lilikuwa kweli. Akagonga tena. "Hii si mbao, mke wangu. Ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Likimwagikiwa maji utalila kwa kijiko."

Yeye hakujali. Alilipanga sawasawa na mlango, ili mtu akiwa chumba cha ng'ambo alione bila kupinda shingo. Wifi alikuja kulitazama, akakigusa kioo chake kwa ncha ya kidole.

"Zuri, wifi. Utaweka nini ndani?"

Pengine lilikuwa swali tu. Mama Vifungo alilala nalo wiki nzima, akaamka nalo, akalitia tindikali. Utaweka nini ndani! Alikuwa na sahani nne na vikombe visivyofanana. Alitoka akanunua glasi kumi na mbili, ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzinywea.

Kisha msimu wa sare za shule ukaisha. Mwezi wa pili wa mkopo alilipa nusu ya alichotakiwa. Mwezi wa tatu hakulipa kitu. Akaanza kubana jikoni, lakini alibana kwa hasira: mboga bila mafuta, chai bila sukari, maharage yanayoepuliwa mapema ili mkaa usiishe. Siku moja alimwona binti yake akitoka chumba cha ng'ambo anafuta midomo.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa shangazi. Nimekula."

"Hapa hakuna chakula?"

Mtoto alitazama chini. "Kipo, mama. Ila maharage ya shangazi yameiva. Anayaloweka tangu jana yake."

Friji aliivumilia. Mapazia aliyavumilia. Lakini mtoto wake wa kumzaa kuvuka korido kufuata maharage! Siku ile alishona mguu wa suruali kinyume, akafumua, akashona kinyume tena.

Walikuja asubuhi ya Jumanne, wanaume wawili wa duka la fanicha, na mkokoteni. Hawakuja kuchukua kabati. Kabati lililotumika halina bei. Walikwenda moja kwa moja kwenye baraza, mmoja akashika meza ya cherehani, mwenzake akashika miguu.

"Mama, sisi tunatumwa tu," alisema yule mkubwa, na kweli alionekana kuona aibu.

Mama Vifungo alilishika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili. Wateja wakasimama. Mwenye duka la madaftari akatoka. Hapo ndipo wifi alipovuka barabara, yuko likizo kwa kuwa shule zimefungwa, ameng'ang'ania kandambili zake zisimvuke. Hakuuliza habari nyingi. Alifungua pindo la nguo, akatoa noti, akalipa deni la miezi miwili lote, akadai risiti. Cherehani ikarudishwa mahali pake.

Kila mtu alisubiri neno moja tu. Lakini neno lililomtoka Mama Vifungo lilikuwa jingine.

"Mnamtazama nini? Amelipa kwa pesa za mume wangu!"

Wifi aliikunja risiti mara mbili.

"Ndiyo," akasema. "Ni zake."

Miezi yote ile Mama Vifungo alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alikuwa na maneno ya kumkatia mtu anayekana. Kwa "ndiyo" hakuwa na dawa.

Mumewe aliitwa kutoka karakana. Walikaa watatu chumbani kwa wifi, mume akiwa na penseli bado sikioni. Wifi alitoa daftari la hesabu, na pesa iliyobaki kwenye mfuko wa kitambaa, akaviweka kitandani katikati yao.

"Ni za binti," seremala alisema. "Za sekondari."

"Na kwa nini zikae huku? Mimi ni nani wako?"

Mumewe aliitoa penseli sikioni. "Unalikumbuka lile kopo?"

Alilikumbuka. Miaka miwili nyuma walikuwa na kopo la akiba chini ya kitanda. Alichota kidogo kwa mchango wa harusi ya binamu yake, kidogo kwa gauni la kuendea, kidogo kwa kujazia pale alipochota kwingine. Hakumwambia mtu, na hakuna aliyemuuliza, akadhani limepita.

"Nililitikisa mwenyewe," mumewe alisema. "Sikutaka tugombane. Nikatafuta mahali pesa itakapolala isiamshwe."

"Na friji?" aliuliza, akimgeukia wifi. Alikuwa anatafuta hata jiwe moja la kushika.

"Friji ni yangu. Niliiwekea akiba miezi kumi na minne. Wajenzi wa lile ghorofa linalojengwa pale barabarani wananunua maji ya baridi, itajilipa." Hakusema kwa majivuno, na hilo ndilo lililouma. Ukimwonea wivu mwizi unapata faraja ya kumtukana. Ukimwonea aliye safi, matusi yote yanarudi kwako mwenyewe.

Kabati lilirudishwa dukani kwa bei ya hasara, na deni lililobaki alilimaliza kwa kushona. Ile pesa ya binti aliyolipiwa alitakiwa airudishe pia, kidogo kidogo, kwa mkono wake, mkononi mwa wifi. Wiki tatu hawakuwa na zaidi ya "habari" na "nzuri."

Lakini macho hayakununa. Alimwona wifi akikata mche wa sabuni kwa uzi na kuvianika vipande dirishani, vikauke visiishe upesi. Naye akakata. Alimwona anaondoka na kikapu sokoni saa wauzaji wanapofunga, nyanya zinaposhuka bei. Naye akaenda, akipitia njia nyingine. Maharage akayaloweka, tena mapema kuliko wifi, ili asionekane ameiga.

Siku moja mchana wifi akagonga.

"Wifi, maharage yananimalizia gesi, na nimeona gunia la mkaa wa bei nzuri. Peke yangu siliwezi mwezi huu. Nusu kwa nusu?"

Waligawana uani kwa kopo, kopo lako, kopo langu. Mama Vifungo hakupepesa.

"Hilo lako limejaa zaidi."

"Haya, chukua wewe."

"Nichukue ili uniseme nimekupunja?"

Wifi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mikono myeusi, na Mama Vifungo akajikuta anacheka naye, ingawa hakuwa amekusudia. Kicheko kilipopungua akauliza lile lililokuwa limemkaa kooni.

"Unafanyaje, wifi?"

"Sina uganga. Mshahara ukitoka nanunua chakula cha mwezi siku hiyohiyo, kabla sijakutana na mtu. Akija wa kunikopa namwambia sina, na kweli sina." Akasawazisha mkaa kwenye kopo. "Wewe yako inakuja kila siku, ndiyo maana inaondoka kila siku. Kazi yako ya kutunza ni ngumu kuliko yangu."

Mama Vifungo alilishika hilo la mwisho. Kulikuwa na jambo moja, basi, ambalo lake lilikuwa kubwa kuliko la wifi.

Alimwendea fundi bati, akatengenezewa kopo lililochomelewa pande zote, limeachwa mwanya wa kupitisha noti. Hakulipeleka nyumbani, anajijua. Alimpa mwenye duka la madaftari aliweke nyuma ya kaunta. Malipo ya mteja wa kwanza wa kila siku yaliingia humo, hata awe wa kifungo kimoja. Siku nyingine mchuuzi wa chupa za chai alipita, yeye akainama kutafuta sindano ambayo haijapotea.

Baada ya miezi minane alilikata mbele ya mumewe. Seremala alihesabu mara mbili. Deni la binti lilikuwa limekwisha, na hizi zilikuwa ziada.

"Sasa nataka pesa za mtoto zikae kwangu," alisema.

Mumewe alijikuna kichwa kwa penseli. "Nusu."

"Nusu?"

"Nusu kwako, nusu kwa dada. Twende hivyo kwanza."

Alitaka kukataa. Akakubali, maana nusu ni zaidi ya alichokuwa nacho. Binti aliingia sekondari na sare iliyoshonwa na mama yake na sanduku lililotengenezwa na baba yake, na ada ikatoka vyumba viwili.

Wivu haukuisha. Amejaribu kuufukuza, lakini umeshakuwa mwenyeji, sasa anauonyesha tu pa kukaa. Jumamosi mumewe akianzia ng'ambo, yeye huhesabu dakika. Lakini kuna Jumamosi huanzia kwake, na hizo Mama Vifungo humkaribisha kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyohitajika.