Muulizeni Mama Yake

Mama yangu alizaliwa upande wa pili wa mpaka kwa sababu bibi yangu alikuwa na adabu. Kwetu binti hajifungulii mimba ya kwanza ukweni. Anarudi kwa mama yake mzazi, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji, anafundishwa kumshika mtoto, na akishapata nguvu ndipo anarudishwa kwa mumewe na kichanga mgongoni. Bibi aliolewa Mwamgongo, kijiji cha ziwani upande huu wa mpaka, lakini kwao kulikuwa ng'ambo, Burundi, safari fupi ya mtumbwi kwa kuufuata ufuko kwenda kaskazini. Basi akaenda, akajifungua, akarudi. Mama haikumbuki hata rangi ya nyumba aliyozaliwa. Amekulia Mwamgongo, ameanika dagaa Mwamgongo, akaolewa na baba yangu akaja Ujiji, akazaa hapa, akazika mume hapa. Ukimuuliza kwao ni wapi, atakuonyesha kwa kidevu upande wa makaburi alikolala baba.

Kwingine hadithi hiyo ingesimuliwa harusini watu wakacheka. Huku Kigoma haisemwi ovyo. Watu wa huku tumezoea kutazamwa mara mbili. Ukienda mikoa ya mbali, ukifungua mdomo tu mtu anakuuliza, "Wewe Mha au Mrundi?" Anauliza akicheka, na wewe unacheka, huku ukipapasa kitambulisho mfukoni. Nimewahi kuona mtu mzima akishushwa garini aeleze babu yake alizikwa wapi, nasi tuliobaki tukitazama magoti yetu. Mimi tangu utoto ni mtu wa roho juu. Nikisikia hodi nisiyoitambua, kabla sijaitika nimeshawaza mama yuko chumba gani.

Ndiyo maana yule bwana aliyekuja kuomba ubunge alinipata kirahisi.

Alikuwa bado kijana, hana gari, shati limemlowa jasho. Alipanda juu ya meza ya muuza vitenge pale soko la Mwanga, akasema mtu wa Kigoma asiulizwe bibi yake alizaliwa wapi. Akasema ziwa halijajengwa ukuta, na watu walikuwa wakioana kabla huo mpaka haujachorwa. Sikuwahi kumsikia mtu akilisema jambo hilo kwa kipaza sauti. Sisi tulilisema jikoni, na mlango tumeurudishia. Mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo nilikuwa nimeshika kitambaa cha mteja. Nikakifutia machozi, halafu ikabidi nikakifue.

Tangu hapo nikawa mtu wake. Sikukodiwa, wala sikupewa fulana. Nilimfuata Ilagala, nilimfuata Kidahwe, nikapiga vigelegele hadi koo likakauka. Niligombana na shoga yangu wa tangu ujana kwa sababu alimwita msanii. Alipopata ubunge na maji ya bomba yasije, nilisema mabomba yako njiani. Mtaa wetu ulipobaki na mashimo yake, nilisema haraka haraka haina baraka. Mpenda chongo huita kengeza, na mimi nilikuwa nimependa.

Na nyumbani alikuja, tena si mara moja. Alikuwa akichutama mbele ya mkeka wa mama, anamwamkia shikamoo kama mtoto aliyelelewa, kisha anamjulia hali kwa Kiha: "Mwidiwe, mama." Mama alikuwa anayeyuka. Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuzia na kununulia. Ya moyoni huyasema kwa Kiha, na Kiha chake kina lafudhi ya kule kwa bibi, huwezi kuificha. Kwa wageni hujibana. Kwa huyu hakujibana. Alimwita mwana wanje, mwanangu, akampikia mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akamwekea kichwa cha samaki ambacho mimi mwanawe wa kuzaa sipewi.

Siku moja, katikati ya chakula, akamsimulia mwenyewe habari ya bibi na mtumbwi. Nilimfinya paja. Akanipiga kofi mkononi akaendelea. Yule bwana aliacha kula, akamshika mkono kwa mkono wake wa kushoto, akasema, "Mama, hata bibi yangu mimi ni wa huko huko." Sijui kama wengine wanaelewa maneno hayo yalikuwa na uzito gani kwetu. Kwa mara ya kwanza siri ya nyumba yetu ilikuwa imetoka nje, na haikutokea kitu. Nilimwona mama akicheka na mdomo wazi, mapengo yote nje.

Kampeni hizi za juzi zikaja na mpinzani. Kijana wa hapa hapa, aliwahi kuwa mwalimu, anajua kuongea, na watu wakaanza kujaa kwenye mikutano yake kuliko ilivyotarajiwa. Nilimwona bwana wetu akipungua sauti na kuongeza magari. Nilipata wasiwasi, lakini ulikuwa wasiwasi wa mshabiki timu yake inapofungwa. Sikujua kuna wasiwasi mwingine unaokuja nyuma yake.

Mkutano ulifanyika kwenye kiwanja hapa Ujiji. Nilikwenda na mama, wakamweka mbele pamoja na wazee, kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nami nikasimama nyuma yake kumkinga na jua. Bwana alianza na barabara, akaja kwenye zahanati, watu wakapiga makofi ya kawaida tu. Akatulia. Akajifuta uso. Halafu akasema, "Huyu kijana wenu mnataka kumpa nchi. Mmeshamuuliza kwao? Muulizeni mama yake alizaliwa wapi!"

Kicheko kilichotoka kiwanja kile sijakisikia hata kwenye ngoma. Akaona kimekolea, akarudia, safari hii akielekeza kipaza sauti kwa watu. "Muulizeni mama yake alizaliwa wapi?"

"Ng'ambo!"

"Sisikii!"

"Ng'ambo!"

Nilitazama kisogo cha mama. Mikono yake ilikuwa bado inapiga makofi, kwa sababu wazee wote wa mbele walikuwa wanapiga, kisha ikaanza kupungua, ikakaa mapajani. Akanigeukia. Masikio yake si mazuri siku hizi.

"Wanasema nini?"

"Wanasema maji yanakuja," nikamjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, akageuka mbele. Tulikaa hadi mwisho kwa sababu kuondoka kungetutangaza. Nilishika kiti chake kwa mikono miwili kama vile namlinda yeye. Tulipofika nyumbani alikaa kizingitini, akavua kiatu kimoja, akakipangusa vumbi kwa kidole.

"Hayo maji," akasema bila kunitazama, "yanatoka ng'ambo?"

Kesho yake maneno yale yalikuwa yameshakuwa mchezo. Vijana wa bodaboda wakikataana bei na abiria: muulizeni mama yake! Watoto wakigombania mpira: muulizeni mama yake! Jirani yetu muuza vitumbua, ambaye hana ubaya wowote, alinikabidhi vitumbua vyangu akanikonyeza, "Na wewe, tukamuulize mama pale ndani?" Akacheka. Nikacheka. Nilifika nyumbani vitumbua vimepondeka mkononi.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nani alikuwa anajua? Wanajumuiya wa kanisani wanajua lafudhi yake. Shoga yangu niliyegombana naye anajua kila kitu, na nilimpa sababu ya kunichukia. Yule bwana anajua, alisimuliwa akila samaki wetu. Na zaidi ya wote, huyo ndiye aliyenitia hofu, kwa sababu mtu anayeweza kumtupa bibi yake mwenyewe ili apate kura, wa kwetu atamwacha kwa lipi? Nilikuwa nakanyaga cherehani huku jicho liko barabarani. Nilimshonea mteja mkono wa kulia mahali pa kushoto.

Nikaanza kumfunga mama. Mama huimba tenzi za Kirundi akichambua dagaa, ameimba tangu nina akili. Nikamwambia apunguze sauti. Akapunguza. Nikamwambia bado inasikika, akaacha, nikawasha redio ili ukimya wake usinisute. Nikamkataza kwenda sokoni peke yake. Nikamwambia akija mtu asiyemfahamu, au mtu yeyote mwenye cheo, asimwamkie kwa Kiha, amwamkie kwa Kiswahili, kwa heshima, maneno machache, basi. Na asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa namsimamisha jikoni kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Ulizaliwa wapi?"

"Mwamgongo."

"Usiinamishe macho ukisema, mama. Ulizaliwa wapi?"

"Mwamgongo, mwana wanje."

"Hapo usiseme mwana wanje."

Alinitazama sana siku hiyo. Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa nimechelewa, na kwa kweli nilikuwa na hasira naye pia, hasira ya kijinga, kwamba kwa nini hakuzaliwa mahali pepesi kusemeka.

Nilimpigia simu yule bwana. Mara zote alipokea msaidizi wake, sauti ya upole, "Dada, mheshimiwa yuko kikaoni, ujumbe nimeupokea." Ujumbe wangu ulikuwa mmoja tu, kwamba aje tuongee. Nikiri bado nilikuwa na tumaini. Nilijiambia huenda ni ulimi uliteleza, huenda walimwandikia, huenda akikaa tena kwenye mkeka ule atakumbuka. Imani haitoki mara moja kama jino. Inalegea, na ulimi hauachi kuigusa.

Akaja. Ilikuwa mchana, nimerudi kula, nikasikia gari likisimama nje, milango ikifungwa kwa kishindo. Sikusubiri hodi. Nilimwambia mama aingie chumbani, upesi, naye akaingia bila kuuliza, kanga moja imebaki inaburutika sakafuni. Nilipofungua mlango nikamwona yeye, na vijana wawili wenye kofia zake. Nilitoa pumzi hadi nikajiegemeza mlangoni.

"Dada yangu! Umenisusa siku hizi?"

Nikamkaribisha. Nikamwita mama, nikasema ni yeye, toka tu. Nilitegemea atatoka akitabasamu. Nilitegemea yule bwana achutame kama zamani, waamkiane kwa Kiha, kisha mimi nipate pa kuanzia.

Mama alitoka amejitanda kanga vizuri. Hakwenda kwenye mkeka wake. Alisimama hatua chache mbele ya yule mtu, ambaye kwa umri ni mwanawe, akainama, akasema kwa Kiswahili safi nilichomfundisha:

"Shikamoo, mheshimiwa."

Yeye alikuwa anatazama simu yake.

"Marahaba, mama," akasema. "Hujambo?"

Akatafuta kiti, akakaa.

Nilisubiri ashtuke. Mtu yeyote wa huku, hata mlevi, angeshtuka, angejishika kichwa, angesema, mama usinilaani, shikamoo ni yangu mimi. Hakushtuka. Kila anakokwenda siku hizi anaamkiwa, na marahaba inamtoka kama pumzi. Kijana mmoja mwenye kofia alinitazama haraka, akatazama pembeni. Huyo aliona. Na hapo ndipo nilipomalizana na yule bwana. Lile la kiwanjani lilinitisha. Hili lilinimaliza.

Hata hivyo nilisema yangu. Nilimwambia maneno yake yametufanya tusilale, na kwamba anajua vizuri kwa nini. Akacheka kidogo, akanigusa bega. "Dada yangu, yale ni ya jukwaani. Nani atamgusa mama? Mama ni wetu."

"Basi kaseme jukwaani kwamba ni wetu."

"Nikisema hivyo sasa hivi wataona nimerudi nyuma. Tupite kwanza uchaguzi."

"Na bibi yako?"

Uso wake ukakakamaa. Akawatazama vijana wake, akacheka tena, ila kicheko kilikuwa kifupi. Akauliza kama mgebuka upo. Mama, ambaye alikuwa bado amesimama, akamletea maji ya kunywa kwenye glasi, akampa kwa mikono miwili, akarudi chumbani. Yule bwana alikunywa akaaga. Gari lilipoondoka watoto wa mtaani walilikimbilia wakiimba yale yale maneno yake, naye akawapungia mkono dirishani.

Siku ya kupiga kura ilikuwa tulivu, ziwa limelala. Mama siku hiyo huwa wa kwanza kuamka. Anavaa kitenge cha kanisani, anapanga foleni kabla kituo hakijafunguliwa, na kile kidole chenye wino anakitunza wiki nzima, anakataa hata kuosha vyombo. Nilimkuta uani na kanga za nyumbani, anachambua majani ya muhogo.

Nikamwambia avae twende. Nikamwambia si lazima ampe yule, ampe amtakaye, au aharibu karatasi kwa raha zake, mimi mwenyewe sijui nitaweka wapi alama. Kitambulisho chake cha mpiga kura nilikuwa nacho mkononi. Hakuna atakayemuuliza chochote, nikasema, zaidi ya jina lake.

"Mama, umepiga kura tangu sijazaliwa."

Akaendelea kuchambua, jani zuri huku, bovu kule. Kisha akanyoosha mkono akanirekebisha kola ya gauni, kama alivyokuwa akifanya nikienda shule.

"Nenda, mwana wanje," akasema, kwa sauti ndogo ile niliyomfundisha. "Wewe ulizaliwa hapa."