Vidonge vya Kandida

Mwaka 1956, Kandida wa Michenga alianza kutokwa damu kwenye ufizi bila kuumia popote. Miguu ikajaa vidoa vyekundu, na damu ya puani ikianza haikatiki. Daktari wa Ifakara alimweleza bila kumficha kwamba mwili wake wenyewe ulikuwa ukiziharibu chembe zinazogandisha damu, na kwamba kuna vidonge vipya vya kuutuliza.

"Vitakusaidia, lakini si vya kuchezea," alisema. "Vinawalaza pia walinzi wa mwili wanaopigana na maradhi. Uso utavimba. Usiache ghafla, na usimpe mtu."

Damu ikakata. Mashavu yakamjaa, na Michenga nzima ikasema Kandida amenawiri. Nani angewalaumu? Kwetu mtu akinenepa amepona, basi.

Mdogo wake, Digna, alikuwa amekonda, akikohoa tangu mvua za kwanza. Siku moja walikuwa juu ya dungu wakifukuza ndege mpungani.

"Dada, nami nipe hiyo dawa. Nimebaki mifupa mitupu."

Tangu utoto hawakuwahi kula kitu bila kugawana, hata kipande cha muwa. Kandida alikumbuka katazo la daktari, akaona aibu kulitamka. Kuanzia hapo kila kidonge akakikata nusu kwa nusu.

Kwa wiki mbili Digna alikula vizuri, akaimba mpungani. Kandida alifurahi mno. Vidoa vilivyomrudia miguuni akavifunika kwa kanga. Wiki ya tatu Digna akashikwa na homa, pumzi ikawa ya shida. Wakambeba kwa machela hadi Ifakara.

"Alikuwa na kifua kikuu," daktari alisema. "Dawa ile imekifungulia mlango. Nani alimpa?"

"Mimi."

Daktari hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Siku ya nne Digna alifariki, na Kandida akaambiwa arudie dozi yake kamili, la sivyo damu itammaliza.

Baada ya maziko alishindwa kumeza. Mama yao, Theodosia, alisimama mbele yake na kikombe cha maji.

"Mama, nimemuua kwa hivi hivi vidonge."

Theodosia alimshikisha kikombe, machozi yakimtiririka.

"Ungemnyima, mimi mwenyewe ningekuita mchoyo mbele za watu," alisema. "Sasa meza, mwanangu. Sina mwingine."